Umeme umekatika na friza imejaa nyama: ipi ya kula, ipi ya kutupa?

Siku hizi swali tunalotumiwa mara nyingi na wasikilizaji wetu wa Kalenga na vijiji vya jirani halihusu mbolea wala bei ya mahindi. Linahusu friza. Mara nyingi huja hivi: "Umeme ulikatika jana saa 10 jioni, umerudi leo asubuhi. Nyama imelegea. Tuile au tuitupe?"

Swali ni fupi, lakini nyuma yake kuna fedha na kuna afya za watu. Kwa mama anayeuza samaki na barafu za watoto, friza ikiyeyuka ni mtaji wa kikoba unaoyeyuka, na marejesho yanasubiri Jumamosi. Kwa familia iliyochinja mbuzi wawili kwa ajili ya kipaimara, ni kitoweo cha wageni. Na kwa mtoto wa miaka miwili, bakuli moja la mchuzi mbaya linaweza kumlaza hospitali. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kuwa chakula kisicho salama huwaugua watu milioni 600 duniani kila mwaka na kuua watu 420,000, na kati ya hao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Bibi zetu walikuwa na njia yao. Nyama ilikatwa vipande vyembamba, ikakaushwa juani au juu ya moshi wa jiko. Samaki vivyo hivyo, na mboga za majani zilianikwa kwa ajili ya kiangazi. Njia hizo bado ni nzuri. Ila tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, uanze kufikisha nguzo vijijini, friza imeingia nyumbani na dukani. Wengi wetu tulipewa friza na muuzaji, tukapewa na waranti, lakini hatukupewa maelezo ya kuitumia. Hapa tumeyakusanya.

Baridi hulaza vijidudu, haiviui

Hili ndilo la kwanza kulielewa, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Watu wengi huamini kwamba kitu kikishaganda kimekuwa salama. Si kweli. Bakteria wengi wakigandishwa hulala tu. Hawali, hawazaani, lakini hawafi. Siku barafu inapoyeyuka wanaamka na kuendelea pale walipoishia.

Chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na nyuzi joto 60, bakteria wako kwenye neema yao. Wakipata joto zuri, wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja akianza saa 2 asubuhi, ikifika saa 9 alasiri anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mtego wetu wa pekee. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Iringa na Mbeya ikikaza, mtu anasema, "Jiko langu lenyewe ni friji," na anaiacha nyama mezani mpaka kesho. Lakini ndani ya nyumba, hata usiku wa baridi, kwa kawaida hewa bado iko juu ya nyuzi 5. Wewe unatetemeka chini ya blanketi, bakteria anaendelea na kazi, ingawa polepole.

Kuna na jambo la pili. Kama chakula kimeingia friza kikiwa kibaya, kitatoka kibaya. Nyama ya kibudu, yaani mnyama aliyejifia mwenyewe, haiponi kwa kugandishwa. Mbegu za ugonjwa wa kimeta hazijali baridi. Maziwa mabichi yenye vijidudu vya brusela yakigandishwa yanabaki na brusela, kwa hiyo yachemshwe kwanza. Vijidudu vya kipindupindu navyo vinaweza kuishi ndani ya barafu.

Na nyama ya nguruwe? Mikoa yetu ni kati ya maeneo ambako watafiti wamemchunguza tegu wa nguruwe kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba baridi kali kwa siku kadhaa huua viluwiluwi vya tegu, lakini usiitegemee friza ya nyumbani ambayo umeme wake unakuja na kuondoka. Nunua nyama iliyopigwa mhuri na mkaguzi, ukiona vijipovu vyeupe ndani ya nyama usiinunue, na kitimoto kiive mpaka katikati.

Je, chako ni friza kweli?

Fungua mlango utazame alama za nyota. Nyota moja maana yake sehemu hiyo hufika nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichoganda kitakaa humo wiki moja hivi. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, kama mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi kama mitatu. Nyota nne ndiyo friza kamili, ina nguvu ya kugandisha chakula kibichi na kukitunza kwa miezi mingi.

Kile kichumba kidogo cha juu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi ni cha nyota moja au mbili. Kinatengeneza barafu, hilo ni kweli, lakini si mahali pa kuweka nusu mbuzi tangu Pasaka mpaka Krismasi.

Friza za kulala, zile za kufunguliwa kwa juu, zinafaa zaidi kijijini. Hewa ya baridi ni nzito, inatulia chini, kwa hiyo ukiinua mfuniko haimwagiki yote. Friza ya kusimama ukiifungua, baridi inashuka miguuni kwako.

Kabla ya kuweka

Nunua mapema. Nyama buchani inaning'inia tangu alfajiri, na ya asubuhi haiwezi kuwa sawa na ya saa 11 jioni. Ukinunua samaki wa Mtera pale mjini, tazama macho yawe maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama ikibonyezwa irudi. Kama una safari ndefu mpaka nyumbani, muombe muuzaji akutilie barafu.

Samaki mtoe utumbo na mashavu, mkwangue magamba, muoshe kwa maji safi. Kuku mnyonyoe, mtoe matumbo, muoshe bakuli lake peke yake. Nyama ikate vipande vya mlo mmoja. Familia ya watu sita isifunge kilo tano kwenye mfuko mmoja, kwa sababu siku ya kupika italazimika kuyeyusha zote tano ili ipate moja.

Funga vifurushi viwe bapa, si madonge. Kifurushi bapa huganda haraka na huyeyuka haraka. Kikichelewa kuganda, maji yaliyo ndani ya nyama hujenga chembe kubwa za barafu zinazopasua nyuzi za nyama. Ndiyo maana nyama iliyoganda polepole ikiyeyuka hutoa maji mengi mekundu na ikipikwa huwa kavu.

Toa hewa yote kabla ya kufunga. Hewa ya friza ni kavu, inanyonya maji kwenye nyama na kuacha mabaka ya kijivu. Mabaka hayo hayadhuru, ila nyama inakuwa kama kamba. Tumia makopo ya plastiki ya chakula yenye mifuniko, au vifungashio vizito vya chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na hata ile iliyobaki kabatini haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo iliyobeba rangi au dawa ya shamba isiingie friza kabisa, hata ikioshwa mara kumi.

Chakula kilichopikwa kipoe kwanza, lakini kisipitishe saa mbili. Sufuria kubwa ya maharage haipoi upesi. Igawe kwenye vyombo vifupi, viweke ndani ya beseni la maji ya baridi, kisha viingie friza. Ukiweka sufuria ya moto moja kwa moja, unapasha joto nyama iliyokuwa imeganda jirani yake. Na supu usijaze kopo mpaka juu, maana maji yakiganda huongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Usiijaze friza vitu vipya kwa siku moja. Kwa kila lita 30 za friza, weka kama kilo moja ya chakula kipya kwa siku. Friza ya lita 200 basi inaweza kugandisha vizuri kilo 6 hadi 9 kwa siku. Ukichinja ng'ombe, gawana na majirani au gawa kazi kwa siku, na inayobaki ikaushe kama zamani.

Panga mbichi chini, iliyopikwa juu, ili hata ikitokea kuyeyuka, maji ya damu yasidondokee pilau. Kisha bandika karatasi yenye jina na tarehe. Baada ya mwezi mmoja, maini na figo ndani ya barafu huwezi kuvitofautisha.

Njegere, mahindi mabichi na nyanya

Wakati wa mavuno njegere huwa nyingi, na miezi michache baadaye debe linapanda bei. Friza inaweza kukusaidia hapo. Ila mboga ina vimeng'enya vyake vinavyoendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na visipozimwa njegere hupoteza rangi na ladha. Vinazimwa kwa kuichovya mboga kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, kisha kuitumbukiza kwenye maji baridi sana, kuikausha na kuifunga.

Vipimo vya kawaida ni dakika moja na nusu kwa njegere, dakika 2 kwa karoti zilizokatwa, dakika 3 kwa maharage machanga ya maganda. Mahindi mabichi ya wastani yakiwa kwenye gunzi ni dakika 9. Lakini vipimo hivyo ni vya watu wa bondeni. Iringa mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yanaruka sufuriani kama ya Dar es Salaam, lakini yana joto pungufu. Kwa hiyo sisi tuongeze dakika moja. Walio juu zaidi, Mufindi, Njombe au Uporoto, nao waongeze.

Nyanya ni rahisi kuliko zote. Wakati nyanya za Ilula zimejaa sokoni na bei imeanguka, zioshe, zikaushe, zigandishe nzima. Hazitafaa kachumbari tena, lakini kwa mchuzi ni nzuri, na ganda linachubuka lenyewe zikilowa maji. Parachichi liponde, kamulia limau, funga.

Usigandishe mayai yakiwa kwenye maganda, yatapasuka. Viazi mviringo vibichi huwa vyeusi na maji maji. Matango hulegea yote. Maziwa ya mgando hujitenga.

Vinakaa muda gani?

Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kuyeyuka katikati, chakula hakiwi sumu kwa sababu ya tarehe kupita. Kinachopungua ni ladha na ulaini. Kwa makadirio, nyama ya ng'ombe au mbuzi ya vipande hukaa vizuri miezi 4 hadi 12, na nyama ya kusaga miezi 3 hadi 4. Kuku wa vipande ni miezi 9, kuku mzima mwaka. Samaki wenye mafuta mengi ni miezi 2 hadi 3, wasio na mafuta mpaka 6. Mchuzi na maharage yaliyopikwa ni miezi 2 hadi 3. Mboga zilizochovywa vizuri ni miezi 8 hadi 12.

Lakini kwa mazingira yetu ya umeme wa kukatika, tunakushauri ugawe muda huo kwa nusu. Cha zamani kitangulie kuliwa.

Umeme ukikatika

Umeme wetu unategemea sana maji, na hili wakazi wa Kalenga wanalo mlangoni. Ruaha Mdogo unaopita hapa unaungana na Ruaha Mkuu, unaingia Mtera, kisha Kidatu, na kote huko maji yanazungusha mitambo. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi ilikuwa kwenye mgao, mpaka mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoanza kazi Februari 2024. Hata pasipo mgao, kuna upepo unaoangusha nguzo, kuna radi, kuna matengenezo, na kuna LUKU kuisha usiku wa manane. Kwa hiyo jiandae kama mtu anayejua kwamba umeme utakatika.

Kanuni ya kwanza ni usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kutunza baridi kwa saa 48. Iliyojaa nusu ni saa 24 hivi. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Hesabu hizo ni za friza nzima. Kama mpira wa mlango umechakaa, punguza sana. Pima hivi: funga mlango juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mwite fundi abadilishe mpira.

Kama friza yako haijajaa, jazia chupa za maji. Zijaze robo tatu, zigande. Siku za kawaida zinasaidia mota isihangaike, na siku ya giza zinakuwa akiba ya baridi. Giza likirefuka, funika friza kwa mablanketi mazito, na uyaondoe mara umeme unaporudi ili mota ipumue. Na kama kuna duka linalouza barafu, nunua mapema kabla kila mtu hajawaza hivyo.

Wakati umeme unarudi, mara nyingi huja na nguvu nyingi au kidogo kupita kiasi kwa dakika za mwanzo. Chomoa friza, subiri dakika kumi. Kile kifaa mafundi wanachokiita friji gadi hufanya kazi hiyo chenyewe, na bei yake ni ndogo kuliko mota mpya.

Umeme umerudi: kula au kutupa?

Hapa ndipo swali la wasikilizaji wetu lilipo. Usiamue kwa kuangalia saa ya ukutani peke yake. Shika kila kifurushi.

Kama bado kina barafu ndani, au kina baridi ile ile ya friji inayofanya kazi, ni salama. Unaweza kukipika leo au kukigandisha tena. Kukigandisha tena kutapunguza utamu, lakini hakutakudhuru.

Kama kimelegea chote, kimekuwa vuguvugu, na hujui kimekaa hivyo tangu lini, au unajua kimepita saa mbili, kitupe. Hii ni kwa nyama, kuku, samaki, maziwa, mayai yaliyovunjwa, wali, maharage na michuzi. Mboga mbichi, matunda na mkate vina uvumilivu zaidi. Kama havijachacha wala kuota ukungu, vitumie siku hiyo.

Na kama hukuwepo nyumbani? Mtu anasafiri kwenda msibani siku tatu, akirudi anakuta kila kitu kimeganda kama alivyokiacha, wakati huenda kiliyeyuka chote na kuganda upya. Kuna mtego rahisi wa kugundua hilo. Gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu ya shilingi 100 juu ya barafu, na ukiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu iko juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa chini kabisa, barafu yote iliyeyuka, na nyama iliyeyuka nayo: itupe, hata kama sasa ni ngumu kama jiwe. Ikiwa katikati, kuyeyuka kulianza lakini hakukuisha. Kikombe huyeyuka kabla ya kifurushi cha kilo mbili, basi kagua kila kifurushi: kilichobadilika umbo au kilichovujisha maji yakagandia pembeni usikiamini.

"Si nitaichemsha sana?"

Hili ndilo jibu tunalopewa na wengi, na tunawaelewa, maana nyama ni ghali. Kuchemsha huua bakteria wengi, hilo ni kweli. Chakula kikifika nyuzi 70 mpaka katikati, wengi wamekufa. Lakini baadhi ya bakteria, kabla ya kufa, wameshaacha sumu ndani ya chakula. Yule anayeitwa stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye majipu ya vidoleni, sumu yake haiharibiki kwa kuchemsha. Wali uliolala nje nao una bakteria wa aina yake mwenye sumu inayovumilia moto. Unachemsha saa nzima, bakteria wanakufa, sumu inabaki, na baada ya saa chache familia nzima inatapika.

Pua nayo si kipimo. Bakteria wanaofanya nyama inuke mara nyingi si wale wanaougua watu. Nyama inaweza kuwa haina harufu yoyote na ikawa mbaya. Kuionja kidogo ili kujua ni kujaribu sumu kwa ulimi wako.

Tena pilipili, limau na kukaanga kwenye mafuta mengi havibadilishi kitu. Na kwa mfanyabiashara, kuyauza mapaja yaliyoyeyuka kwa bei ya kutupa ni kuhamishia hasara yako kwenye tumbo la mtoto wa jirani. Unachotupa kifukie kwenye shimo, mbwa wasikifukue.

Hasara ya kutupa inauma. Lakini ipime na nauli ya kwenda hospitali, dawa, na siku tano za kutofanya kazi shambani.

Kuyeyusha bila kuharibu

Watu wengi hutoa kuku asubuhi, humweka kwenye karai mezani, na kumpika jioni. Katikati yake bado ni barafu, lakini ngozi imekaa saa nane kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda.

Mwenye friji aitoe nyama friza usiku, aiweke sehemu ya chini ya friji ndani ya bakuli. Mwenye friza peke yake aizamishe kwenye ndoo ya maji baridi ikiwa imefungwa isiingie maji, na abadilishe maji kila dakika 30. Nusu kilo huchukua kama saa moja, kuku wa kilo moja na nusu saa mbili hadi tatu, na akishayeyuka apikwe hapo hapo. Vipande vidogo unaweza kuviweka sufuriani vikiwa vimeganda, ila ongeza nusu ya muda wa kawaida wa kupika. Karai, kisu na kibao vilivyoshika nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Kwa wanaouza barafu za watoto

Maji yachemshwe yapoe kabla ya kuchanganya ubuyu au ukwaju, kwa sababu kuganda hakuyasafishi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 uliwakumbusha wengi kwamba maji yaliyo wazi kama kioo yanaweza kubeba ugonjwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye jipu au kidonda kidoleni asifungashe. Barafu zikiyeyuka, hasa zile za maziwa, usizigandishe tena kwa ajili ya kuuza. Na samaki wabichi wawe na kapu lao lililofunikwa, mbali na barafu za watoto.

Je, nizime friza usiku kuokoa uniti?

Wengi hufanya hivyo. Friza iliyojaa haitayeyuka kwa usiku mmoja, lakini joto lake hupanda, na asubuhi mota hufanya kazi ya ziada kulirudisha. Unachookoa ni kidogo, na ukirudia kila siku nyama inapanda na kushuka mpaka inakauka. Iliyojaa nusu ndiyo hatari zaidi, hasa kama asubuhi umeme usiporudi ulipotaka kuiwasha.

Njia bora za kuokoa ni hizi. Friza ikae mbali na jiko na jua, iachane na ukuta angalau upana wa kiganja. Barafu ya kwenye kuta ikifika unene wa nusu sentimita, yeyusha siku akiba ikiwa ndogo, na usiikwangue kwa kisu. Fungua ukijua unachotaka, watoto wasiifanye dirisha. Na fuatilia LUKU yako mapema, hasa kabla ya safari.

Ya kubandika juu ya friza

1. Andika jina na tarehe. Cha zamani kitangulie.
2. Umeme ukikatika, usifungue. Andika saa ulipokatika.
3. Kina barafu au baridi ya friji: pika au gandisha tena.
4. Kimelegea, ni vuguvugu, kimepita saa mbili: tupa. Usionje.
5. Yeyusha ndani ya friji au kwenye maji baridi, si mezani.
6. Kabla ya safari tazama sarafu, tazama LUKU.

Ukimaliza kunakili, msomee na jirani asiye na simu ya intaneti. Ukiwa na swali ambalo hatukuligusa hapa, litume kwenye namba yetu ya kipindi, tutalijibu hewani.